YAH: MALALAMIKO KUHUSU PROGRAMU YA STOO MLIYOTUANDIKIA KWA LUGHA YA HASKELL

Kwa Meneja wa Miradi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Programu mliyotukabidhi inaganda kila ripoti ya mwezi inapofunguliwa, nanyi mmejibu kwamba kompyuta zetu ni dhaifu. Jibu hilo hatulikubali. Mkataba ulitupa na msimbo, tumeupitia, na kasoro zimo humo humo.

Kubwa ni ripoti yenyewe. Mmeanzisha thredi ya pembeni (njia ya kazi inayokwenda sambamba na ile kuu) kwa forkIO ili jumla zipigwe huko, kisha matokeo yaletwe kwenye dirisha kwa idleAdd, inayoiachia thredi kuu kazi ya kufanya ikipata nafasi. Kwa macho ni sawa. Lakini Haskell haipigi hesabu mpaka jibu lihitajike, na thredi yenu haihitaji jibu lolote: inaichukua hesabu ikiwa mbichi na kuipitisha hivyo hivyo. Jedwali linapotaka kuandika nambari ndipo jumla zinaanza kupigwa, tena kwenye thredi kuu ya GTK (maktaba ya kutengenezea madirisha), ile ile inayosikiliza kipanya na kuchora dirisha. Hapo lazima igande. Wekeni evaluate (force matokeo), inayolazimisha hesabu yote ipigwe, ndani ya thredi ya pembeni, kabla ya idleAdd. Aina zenu za data zitahitaji NFData, inayoieleza force namna ya kuzipiga hadi mwisho. Msiishie kwenye evaluate peke yake, maana kwenye orodha inafungua kiungo cha kwanza tu; thamani iliyomo na mkia vinabaki vibichi.

Fankshoni mliyoipa idleAdd nayo inarudisha True. Kwa GLib, maktaba ambayo GTK imejengwa juu yake, maana yake ni "niite tena", kwa hiyo ripoti ikishafunguliwa mara moja, kiini kimoja cha prosesa kinakimbia bure hadi programu ifungwe. Irudishe False.

Memori inapanda kutwa nzima kwa sababu kihesabio cha bidhaa zinazoskaniwa kinatumia modifyIORef, inayorundika hesabu zisizopigwa. Tumieni modifyIORef' yenye alama ya ritifaa mwishoni, inayopiga hesabu papo hapo. Mkibisha, jengeni kwa -rtsopts, endesheni kwa +RTS -hT inayorekodi matumizi ya memori, mchoro utawaonyesha.

Kuhusu usakinishaji: dirisha la kuchagua faili likifunguliwa programu inakufa, kwa kuwa hamkufungasha gschemas.compiled, faili la mipangilio ambalo GTK inalitafuta. Kwenye mashine yenye MSYS2 (mazingira ya kujengea programu kwenye Windows) tatizo halionekani, na bila shaka mlijaribia huko. Faili hilo likae ndani ya share\glib-2.0\schemas, na folda ya share iwe jirani na bin yenye DLL (faili za maktaba) za GTK.

Pendekezo la kuiandika upya kwa C#, kwa gharama yetu, tunalikataa. C# nayo ikibebeshwa kazi nzito kwenye thredi ya dirisha itaganda vile vile.

Tunahitaji toleo lililorekebishwa ndani ya siku 14, lijaribiwe kwenye Windows isiyo na MSYS2. Malipo ya awamu ya mwisho yatatolewa baada ya hapo.

Wenu,
Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA