Risala ya Wanafunzi wa Fedha na Uhasibu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wajumbe wa Baraza la Chuo, wakuu wa idara na walimu wetu,
Wazazi, walezi na wahitimu wenzetu,
Itifaki ikiwa imezingatiwa, shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika kwa wakati.

Historia yetu ni fupi na tutaifupisha zaidi. Chama chetu kilianzishwa mwaka 2014 kikiwa na wanachama 17. Leo tupo 120. Mafanikio ni makubwa: tuna printa yetu wenyewe, tuna akaunti ya benki yenye watia saini watatu, tumeendesha makongamano mawili ya ajira, na timu yetu ya netiboli imefika nusu fainali ya chuo. Printa haina wino, ila hilo si ombi la leo.

Ombi la leo ni moja: chumba cha mazoezi ya kazi za fedha. Tunaomba uturuhusu tulieleze kwa kirefu, kwa sababu huko nyuma tulilieleza kwa kifupi na likasahaulika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wetu hatutaanza kazi kwa kushauri wakurugenzi juu ya mtaji. Mhitimu wa biashara huanzia jikoni mwa idara ya fedha: kuandaa malipo ya wauzaji, kufuatilia wadaiwa, kufanya usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kuandaa mishahara na kufunga hesabu za mwezi. Ni kazi inayokwenda na kalenda. Hapa Tanzania kodi ya mishahara hulipwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) huwasilishwa ifikapo tarehe 20, na anayechelewa huikuta riba inamsubiri.

Tuchukue ankara moja tu. Muuzaji wa huduma, mkazi wa nchini, analeta ankara ya shilingi 11,800,000 ikiwa na VAT ya asilimia 18. Kabla ya kulipa, afisa anaweka karatasi tatu pamoja: hati ya ununuzi, hati ya kupokea huduma au mali, na ankara. Kiasi, bei na jina vikipishana, malipo yanasimama. Vikikubaliana, anakata kodi ya zuio ya asilimia 5, ile ambayo mlipaji huizuia kwenye malipo ya muuzaji na kuipeleka serikalini. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuikata kwenye 11,800,000 na kupata 590,000. Kodi hiyo hukatwa kwenye thamani isiyo na VAT, yaani 10,000,000, hivyo ni 500,000, na muuzaji analipwa 11,300,000. Kosa ni la shilingi 90,000, lakini muuzaji atapiga simu kabla ya saa nne asubuhi, na mhitimu wetu hatakuwa na la kumjibu.

Kwenye usaili hali ni ngumu zaidi. Mtahiniwa anapewa taarifa ya benki ya mistari 300, daftari la fedha, kompyuta na dakika 60, kisha anaambiwa atafute tofauti ya shilingi 2,700,000. Darasani tumefundishwa hundi ambazo hazijawasilishwa benki na makato ya benki, nasi tunavijua. Tusichokuwa nacho ni mkono. Mwenye mkono huondoa kwanza miamala inayolingana kwa namba ya kumbukumbu, si kwa kiasi peke yake, maana siku moja inaweza kuwa na malipo manne ya 500,000. Kisha huigawa tofauti kwa 9. Tarakimu mbili jirani zikigeuzwa, tofauti hugawanyika kwa 9 bila baki; hii ya 2,700,000 inagawanyika, kwa hiyo anashuku zimegeuzwa, mfano 5,200,000 kuandikwa 2,500,000. Asipoiona, anaigawa kwa 2 na kutafuta 1,350,000 iliyoandikwa upande usio wake, maana kosa la namna hiyo huleta tofauti mara mbili ya kiasi chenyewe.

Malipo ya simu nayo yana mitego yake. Mteja aliyelipa saa 5:58 usiku wa tarehe 30, fedha yake inaonekana benki tarehe 1. Mstari mmoja wa benki unaweza kubeba miamala 200 ikiwa imeshakatwa ada, na asiyetenganisha ada na mauzo hawezi kupata ulinganifu hata akikesha. Halafu kuna Excel yenyewe. Ukifungua faili ovyo inafuta sifuri ya mwanzo wa namba ya simu, na namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12 inageuka kuwa 9.9E+11. Safu hiyo ilipaswa kuwekwa kama maandishi kabla data haijaingia. Haya hayamo kwenye mtihani, lakini ndiyo yanayomfukuzisha mtu kazi kabla muda wa majaribio haujaisha.

Tutaulizwa: mafunzo kwa vitendo ya wiki 8 mnafanya nini? Mheshimiwa, tunapanga majalada na kutoa fotokopi, na hatuwalaumu wenyeji wetu. Katika mfumo wa malipo kila mtumiaji ana jina na neno la siri lake. Anayeandaa malipo si anayeidhinisha, na kila kitufe kinachobonyezwa kinaacha alama ambayo mkaguzi ataisoma. Hakuna mhasibu mwenye akili timamu atakayempa mwanafunzi wa wiki nane neno la siri lake. Lakini mwajiri yuleyule, mwaka unaofuata, anatangaza nafasi akitaka mtu aliyezoea mfumo. Mahali pekee pa kuziba pengo hilo ni chuoni, kwenye mfumo wa mazoezi ambao fedha zake si za mtu.

Kwa hiyo tunaomba kompyuta 20: za waandaaji 10 na za waidhinishaji 10, wanafunzi 120 wakiingia kwa vikundi 6. Tunaomba kompyuta moja ya kuhifadhi mfumo, vifaa vya kutunza umeme ili unapokatika katikati ya zoezi kazi isipotee, na leseni ya programu ya uhasibu ya watumiaji 20. Tunasisitiza 20, kwa sababu tuliwahi kuzawadiwa leseni ya mtumiaji mmoja, ya mwaka mmoja. Tulishukuru sana. Mtu mmoja hawezi kuandaa malipo na kujiidhinishia mwenyewe, na tukifundisha hivyo tutakuwa tunafundisha wizi.

Tunaomba pia taarifa za benki na ankara za miezi 12 kutoka ofisini kwako, majina na namba za akaunti zikiwa zimebadilishwa kwa kuheshimu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mhasibu mmoja wa kuja Jumamosi mbili kwa mwezi. Hivi viwili havina gharama kubwa, na vikikosekana, kompyuta zitabaki kuwa za kutazamia mpira.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, hatuliombi jambo hili kwa mara ya kwanza. Mwaka 2022 tuliahidiwa kompyuta 30, tukapiga makofi, na makofi hayo yapo kwenye video. Mwaka 2023 mgeni wetu alisema ameikuta ahadi hiyo na ataifuatilia. Mwaka 2024 alitumwa fundi, akapima chumba kwa umakini mkubwa, akaondoka na vipimo. Chumba kipo. Kwa sasa kinatunza viti vibovu, na tuko tayari kuvihamisha leo mchana.

Kwa kuwa tumefundishwa kwamba deni lisiloandikwa halina mdai, Katibu wetu ameandaa fomu ya ukurasa mmoja. Ina safu nne: kitu, idadi, tarehe ya kufikishwa, na jina la mtu wa ofisini kwako tutakayemfuata. Huna ulazima wa kujaza mistari yote. Ukiweza mstari mmoja wenye tarehe, tutaupokea kwa furaha kuliko mistari 30 isiyo nayo. Kalamu ipo juu ya meza, kulia kwako, karibu na maji.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Chama cha Wanafunzi wa Fedha na Uhasibu