Choki za Jumamosi
Wakuu, Jumamosi tunasuka choki za antena za redio, yaani koili za kuzuia mkondo usiotakiwa unaopita nje ya waya wa antena. Kila mtu aje na ringi yake ya feraiti (kauri ya sumaku), ile yenye namba FT240-31 ndo nzuri kwa bendi za redio za mita 80 na 40, zile za njano mnazotoa kwenye pawa saplai za kompyuta msilete jamani, ni za unga wa chuma, hazifai kabisa kwa hii kazi. Mizunguko 12 ya koaksi nyembamba (ule waya wa antena wenye wavu wa nje) kwenye ringi inatosha kuanzia. Kupima tutatumia NanoVNA, kile kipimaji kidogo cha antena chenye poti mbili, ila tunasoma S21 (mawimbi yanayovuka toka poti moja kwenda nyingine) siyo S11 (yanayorudi poti ileile), unaunga wavu wa nje wa koaksi kati ya poti mbili na nyaya za kuungia ziwe fupi mno, zikirefuka tu namba zinadanganya. Ukisoma desibeli -30 hapo choki yako inazuia kwa kama omu 3,000, safi sana hiyo. Asiye na ringi aseme leo.