Ratiba za Kigoma zifuate jua la Kigoma

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tuseme neno juu ya matangazo ya filamu, muziki na mihadhara yaliyobandikwa mjini kwa ajili ya miezi ijayo. Ratiba yenyewe ni nzuri. Kinachotukwaza ni saa. Filamu ya uwanjani imepangwa saa 12:30 jioni, na saa hiyo hapa Kigoma bado watu wanaanika dagaa.

Saa hizo zinafaa Dar es Salaam. Nchi nzima tunatumia majira ya saa yaleyale, lakini kwa sababu tuko mbali magharibi, jua linazama hapa kama dakika 40 baada ya kuzama Dar. Kwa mwaka mzima machweo ya Kigoma hucheza kati ya saa 12:54 jioni na saa 1:24 usiku, na Februari ndiyo inayochelewa kuliko miezi yote. Kiangazi, Mei hadi Septemba, ni karibu saa 1 kamili. Ongeza nusu saa ya wekundu unaobaki juu ya milima ya Kongo, ndipo giza la kufaa picha linaingia.

Hesabu yake ni hii. Projekta ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga inaotoa) ikitoa picha ya mita 4 kwa 3, kila mita ya mraba inapata lumeni 250, yaani luksi 250. Nusu saa kabla ya machweo, nje kuna luksi elfu kadhaa. Hakuna projekta ya kukodi mjini itakayoshindana na hizo. Watazamaji wataona uso wa mwigizaji kama kivuli kwenye shuka, na mandhari ya usiku hayataonekana kabisa, kwa kuwa weusi wa picha hauwezi kuzidi weusi wa kitambaa chenyewe. Basi kiangazi picha isianze kabla ya saa 1:40 usiku. Na kwa kuwa Isha huadhiniwa kama saa moja na robo baada ya machweo, tungeweka filamu fupi au ngoma hapo mwanzo, kisha filamu ndefu saa 2:30. Atakayelalamika kwamba ni usiku mno atengewe Jumamosi.

Mbalamwezi haina shida. Mwezi mpevu hauzidi luksi 0.3, kwa hiyo anayeahirisha onyesho kwa ajili ya mwezi anaahirisha bure. Tena siku hizo ndizo za kuzikimbilia. Wavuvi wa Kibirizi na Katonga huvua dagaa kwa taa kwenye usiku wa giza. Mwezi ukijaa, taa hazivuti samaki vizuri, nao hupumzika siku kadhaa. Mwenye ukumbi anayetaka viti vijae aangalie kalenda ya mwezi kabla ya kupeleka tangazo kwa mchapaji. Msimu wa kufunga ziwa, uvuvi unaposimamishwa, nao ukumbukwe: mwaka 2024 ulikuwa 15 Mei hadi 15 Agosti, katikati kabisa ya kiangazi, na watu walikuwa nchi kavu.

Sasa kitambaa. Kikielekea magharibi, mwanga wa machweo unakipiga usoni; kikielekea mashariki, watazamaji wanatazama anga inayowaka nyuma yake. Kielekezwe kaskazini au kusini. Upepo ndio unaoangusha wengi. Kitambaa cha mita 4 kwa 3 ni tanga kamili: upepo wa kilomita 30 kwa saa unakisukuma kwa nguvu ya kama kilo 50, na fremu ya mabomba iliyosimamishwa kwa matofali mawili inalala. Weka kamba nne, mbili mbele na mbili nyuma, kila moja na viroba viwili vya mchanga vya kilo 50. Kwenye matundu ya kitambaa usifunge kamba ya katani moja kwa moja. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, upana wa vidole viwili, ufungie kwa hivyo. Upepo ukivuma ghafla mpira unanyumbuka na kurudi; kamba haina huruma, inang'oa tundu lenyewe na kitambaa kinachanika kutoka kona.

Mihadhara ya ndani ina adui wake, mvua ya Novemba hadi Aprili juu ya bati lisilo na dari. Wengi huongeza sauti ya spika mbili za mbele mpaka maiki inapiga mluzi, na wa nyuma bado hawasikii. Ongeza spika ndogo katikati ya ukumbi, karibu na masikio, na uzicheleweshe milisekunde 3 kwa kila mita kutoka jukwaani, la sivyo neno moja litasikika mara mbili. Spika zote ziwe mbele ya maiki, zisiwe nyuma ya mzungumzaji.

Kuonyesha bure hakuondoi hakimiliki; Sheria Na. 7 ya 1999 ipo. Daraja la umri lililotolewa na Bodi ya Filamu liandikwe kwenye tangazo, maana watoto ndio wanaofika kwanza na kukaa mbele. Saa nazo ziandikwe kwa Kiswahili: "saa 1:30 usiku". Ukiandika "7:30" tu, kuna mzee atakayefika saa saba na nusu mchana, na hana kosa.

Mwisho, umeme. Projekta ya taa ikizimika ghafla, feni yake inasimama taa ikiwa bado ya moto, na hapo balbu inaweza kuharibika, hata kupasuka. Iunganishwe na betri ya akiba ya kuihimili dakika tano hata kama jenereta ipo, kwa sababu kuiwasha jenereta nako kunachukua dakika. Onyesho likiisha, izimwe kwa kitufe, feni iachwe inguruke mpaka inyamaze yenyewe, ndipo waya uchomolewe.

Mafundi wa sauti na picha,
Mwanga, Kigoma