Wanangu wa kikoba, acheni kukanda vile vivimbe

Mugonile wanangu wa kikoba cha hapa Uyole. Naandika maana kwenye kikao mnanizidi kelele na hili sitaki lipite.

Nimesikia mwenzenu ana kivimbe kwenye titi, anakandwa na maji ya moto halafu anabandikwa majani ya kupondwa mpaka ngozi imeiva nyekundu, nyie mnamwambia vumilia, dawa inavuta uchafu. Haivuti kitu jamani! Nimekaa wodini mpaka nimestaafu, titi likiwa jekundu lina joto na ngozi ina vishimovishimo, hiyo sio kupona, inaweza kuwa kansa, hiyo ni ya kukimbia nayo hospitali.

Iko hivi. Mwili ukiumia unatuma chembe nyeupe za damu, panavimba, panapata joto, panauma, wataalamu wanaita inflamesheni, na kazi ikiisha panatulia. Kwenye kansa kazi haiishi. Virchow, daktari Mjerumani, alishaziona chembe hizo ndani ya uvimbe wa kansa tangu 1863, na mwaka 1986 Mmarekani Harold Dvorak akaandika kwamba uvimbe wa kansa ni kidonda kisichopona. Ni kama mgambo walioitwa kumkamata mwizi wakaishia kumbebea mzigo, maana zile chembe kubwa, makrofeji, zinasaidia kuotesha mishipa mipya ya damu kansa inapata chakula, zinatoa na vimeng'enya vya kulainisha nyama inayozunguka uvimbe, basi seli za kansa zinapenya, zinaingia kwenye damu na mitoki, unakuja kuzikuta kwenye mapafu, ini, mifupa. Na hapo ndo inapoua, mara nyingi sio kile kivimbe cha mwanzo.

Sasa msije mkaanza kubugia vidonge vya maumivu vya diklofenaki kila siku eti mnazima inflamesheni, mtaharibu tumbo na figo na kansa iko palepale. (Nawajua nyie na maduka ya dawa.)

Halafu hii ya kusema kinyama cha kupima kikikatwa kansa inapata hasira nani kawaambia? Bila hicho kinyama daktari hajui anatibu nini. Inayoipa kansa nafasi ni hiyo miezi ya kukanda.

Mwenzenu aanzie kituo cha afya, akipewa rufaa ya Hospitali ya Kanda Mbeya aende wiki hiyohiyo, asisubiri viazi vitoke shambani. Nauli itoke kwenye mfuko wa jamii wa kikoba, na mweka hazina asiniletee habari za kusubiri kikao.