Kabla hatujaingia bwawani Jumamosi

Habari zenu ndugu. Naomba kila mmoja asome hadi mwisho, hasa wenye watoto.

Hakuna kuchupa kwa kutanguliza kichwa mahali ambapo maji hayafiki mita 2.7. Soma kina kilichoandikwa ukingoni. Usikadirie kwa macho. Mwili huingia kwa kasi, na kwenye maji ya mita 1 au 1.5 kichwa hugonga sakafu kabla mikono haijauzuia. Uzito wote huishia shingoni. Pingili zikivunjika na uti wa mgongo ukiumia, mtu anaweza kupooza mikono na miguu papo hapo, akazama huku akili zake zikiwa timamu. Upande wa kina kifupi, shuka kwa ngazi.

Akigonga kichwa, msimvute kwa mkono wala kumkalisha. Mgeuzeni uso juu, kichwa na kiwiliwili vinyooke pamoja, aelee hapo hadi msaada ufike. Lakini kama hapumui, pumzi kwanza: mtoeni, mpulizieni mara 5, kisha mkandamize kifua mara 30 kwa pumzi 2, bila kukoma, huku mwingine akipiga simu ya dharura.

Anayezama mara nyingi hapigi kelele, hana pumzi ya kuitia. Kwa hiyo mtoto asiyejua kuogelea awe ndani ya urefu wa mkono wako, simu ikiwa mfukoni. Maboya ya mikononi hayatoshi.

Na vijana, mashindano ya kubana pumzi chini ya maji hayapo. Ukihema haraka haraka kwanza, unaweza kuzimia bila dalili.