Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa chupa na vioo, Bagamoyo

Ndugu wanachama, assalaam alaykum, tumsifu Yesu Kristo.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina baada yangu, na daftari lake liko wazi kwa yeyote anayetaka kulikagua. Mimi nitasema juu ya kazi yenyewe, ya kugeuza chupa na vioo vilivyotupwa kuwa vitu vipya, nikianza na shanga, maana ndizo zilizotutia aibu na ndizo zilizotufundisha.

Lile fungu la kwanza lilitoka tanurini likipendeza, kijani iliyoiva. Tukafunga mikufu, tukampelekea mteja, na bakuli zima likabaki mezani. Siku ya tatu nilikuwa peke yangu karakanani nikasikia mlio mdogo, tik, kama punje ya mtama kikaangoni. Kugeuka, ushanga umekatika katikati na hakuna aliyeugusa. Punde ukafuata mwingine. Hadi adhuhuri nusu ya bakuli ilikuwa vigae. Mikufu ya mteja nayo ilikatika vivyo hivyo, tukamrudishia fedha yake yote. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyesema tuongeze vipande vya vioo vya madirisha kwa kuwa tulivipata bure kwenye nyumba iliyobomolewa, na sikumuuliza mtu.

Kioo cha dirisha na cha chupa vyote asili yake ni mchanga, magadi na chokaa, lakini havikupimwa sawa. Kwenye moto kimoja hutanuka kuliko kingine, na vikipoa kila kimoja husinyaa kwa kadiri yake. Vimeshikana, na huku vinavutana, mpaka mmoja wao anaachia. Hata chupa za viwanda viwili tofauti zinaweza kugombana hivyo. Juu ya hilo tulifungua tanuri mapema ili tuwahi soko. Kioo cha chupa kinataka kwanza kitulizwe kwenye joto la nyuzi 500 hadi 550 za Selsiasi, mkazo wa ndani uishe, ndipo kishushwe polepole. Sasa utaratibu ni huu: tanuri likiwashwa alasiri halifunguliwi hadi kesho yake, na kila fungu ni la chupa za aina moja. Tangu hapo bakuli limenyamaza.

Kina mama wa kundi la shanga wamejaribu pia njia ya Wakrobo wa Ghana, na nawapongeza kwa moyo wote. Wakrobo husaga chupa zikawa unga, wakaujaza kwenye kalibu za udongo, kisha huchomeka kijiti cha jani la muhogo katikati. Kijiti kinaungua motoni, tundu la uzi linabaki. Muhogo tunao hapa kila ua, na vijiti vya kisamvu vimekubali vizuri. Nami jambo hili linanigusa kwa sababu ya mji wetu. Misafara ya karne ya 19 ilipoondoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba shanga za kioo kama fedha ya njiani, na nyingi zilitengenezwa Venice, Italia. Zilipita mikononi mwa wapagazi wetu zikiwa bidhaa za watu wengine. Leo ushanga unazaliwa hapa hapa, kwa chupa iliyookotwa mtaroni.

Kazi kubwa ya pili ni ukuta wa banda la mama lishe. Kwa ambao hamjafika kuuona: tunachora chupa kwa almasi ya fundi vioo, tunaimwagia maji ya moto kwenye mstari, halafu ya baridi, inaachia. Vitako viwili vinaunganishwa kwa utepe, vinakuwa kama tofali la mviringo lililozibwa pande zote. Tumeziba makusudi, maana chupa yenye mdomo wazi ukutani hukusanya maji na kuzaa mbu. Kisha zinalazwa kwenye udongo wa chokaa na saruji kidogo, zikiachiana vidole viwili. Fundi mwashi wetu alikataa katakata kuweka paa juu ya chupa, akasimamisha nguzo na linta, yaani boriti ya juu, kwanza, na alikuwa sahihi. Ukuta huo hujaza nafasi tu, haubebi mzigo. Jua la asubuhi likipiga, duara za kijani na kahawia hulala juu ya meza, na nimeona mtoto akiziba moja kwa kiganja ili aone kama itazimika.

Wanaosema nyumba ya chupa ni umaskini, waelezwe kwamba huko Thailand, mkoani Sisaket, watawa wa Kibuddha walianza kukusanya chupa mwaka 1984 na wakajenga hekalu la chupa zaidi ya milioni moja.

Kuhusu ombi la kumwaga vigae vya chupa kwenye zege badala ya kokoto, jibu langu kwa sasa ni hapana. Alkali ya saruji hula kioo, ukatokea ute unaofyonza maji na kuvimba, na zege hupasuka miaka baadaye, wakati sisi tumeshalipwa na kuondoka. Kikisagwa laini kama unga wa ngano ni habari nyingine, unga huo husaidia saruji yenyewe. Mashine ya kusaga hivyo hatuna.

Suala la chupa za pombe lilileta maneno, na wenye nalo walikuwa na haki ya kusema. Tumekubaliana hivi: asiyependa kuzishika halazimishwi, anapewa za asali, achari na marashi. Chupa za soda na bia zenye amana tusizikate kabisa. Chupa inayorudi kiwandani ikajazwa tena imeshapata matumizi bora kuliko taa au glasi yoyote tutakayoitengeneza sisi.

Kijana wetu alikatwa kiganja na kigae kilichofichika kwenye kiroba tulichopokea kutoka hoteli moja. Amepona, alhamdulillahi. Viroba havipokelewi tena, ni kreti au ndoo peke yake. Msasa upigwe ukiwa na maji, na barakoa ivaliwe. Hili sitalirudia kwa upole.

Ninaomba mkutano uidhinishe jambo moja: kabla ya meza mpya, kabla ya rangi ya banda, tununue kipimajoto cha tanuri. Mpaka leo tunakisia joto kwa kutazama wekundu wa moto kupitia tundu la mlango, na macho ya wawili hayajawahi kukubaliana. Bei tumeshaiulizia, mweka hazina anayo. Karibu, mweka hazina.