Kichupa kinacholia

Zuhura shoga yangu,

Barua yako nimeipata. Swali lako nimelicheka kwanza, kisha likaninyima usingizi. Kama ningekitaka hicho kidonge kimoja cha kuzuia mimba na VVU kwa pamoja, kile walichopewa wanawake wa Johannesburg na Harare wakijaribu? Ningekitaka, na wala si kwa uvivu wa kumeza viwili.

Unakikumbuka kichupa changu cha PrEP, vile vidonge vya kila siku vya kujikinga na VVU? Nilikisokomeza pamba kisilie mkobani, na bado siku moja kikaanguka mbele ya wifi. "Kumbe nawe unatumia dawa?" Basi, hakuongeza neno. Dawa iliyomo, tenofovir, ndiyo hiyohiyo wanayomeza wanaoishi na VVU, sasa utamweleza nini mtu aliyekwisha kuhukumu? Pakiti yangu ya uzazi wa mpango ilikaa mezani mwaka mzima, hakuna aliyegutuka; hicho kidonge kimoja kingepita kama uzazi wa mpango tu. Najua, kwa binti asiyeolewa hata hiyo ni msala.

Ila usikipapatikie hicho kidonge. Ni kikubwa kuliko vile vidogo ulivyozoea, na kuna zile siku 7 za mwisho wa pakiti. Sisi tumezoea kuziruka, maana vidonge vyake havina homoni. Humu kinachokosekana ni homoni tu, dawa ya VVU imo. Ukiviruka, kinga inashuka, nasi wanawake huchukua kama siku 7 za kumeza mfululizo ndipo ijijenge tena. Halafu ukikiacha kwa sababu homoni zinakutibua tumbo, umeacha vyote viwili siku moja. Hilo ndilo linalonisumbua hasa.

Na kumeza kila siku si mchezo. Kwenye utafiti wa VOICE, uliojaribu dawa za kuzuia VVU kwa wanawake zaidi ya 5,000, wengi wa waliopewa vidonge walisema wanameza; damu yao ilipopimwa, dawa ilionekana kwenye chini ya theluthi ya sampuli. Siwalaumu, nami nimewahi kumdanganya nesi nikimtazama machoni.

Mdogo wangu anasema bora lenacapavir, sindano ya kuzuia VVU, mara moja kila miezi 6. Sawa, lakini mimba haizuii. Kaswende na kisonono navyo havizuiwi na chochote kati ya hivi, kwa hiyo kondomu zako usizigawe.

Wewe unayesahau hata simu kwenye chaji, ungekimeza saa ngapi? Niandikie. Na kabla ya kuanza chochote nenda kapime, nitakusindikiza.

Wako,
Mwanaidi

Pamba bado imo kichupani.